Ya Nani, Inatoka Wapi, Inakwenda Wapi

Ukiingia chumba cha mitambo ya mtandao asubuhi, hata kabla hujavua koti, ulimkuta bosi keshashika kebo moja kati ya mamia yanayoshuka kwenye makabati. Aliivuta kidogo tu, isichomoke, akakutazama usoni. "Ya nani?" Unajibu. "Inatoka wapi?" Unajibu. "Inakwenda wapi?" Ukipatia yote matatu, aliiachia kebo na kuendelea na shughuli zake. Hakukupongeza, wala hakusema sawa. Ukikosea hata moja, ulitoa kiganja cha kushoto, kwa sababu cha kulia kilikuwa na kazi ya kufanya, naye akakuchapa kwa kipande cha kebo nene alichokaa nacho mfukoni siku zote. Hakubagua. Mimi ni mwanamke na kovu ninalo, chini ya kidole gumba, na baridi ya Karatu ikizidi mwezi wa saba linawasha mpaka leo.

Sote tulimwita Msimamizi. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Chumba chake kilikuwa juu ya mtaa wa magereji, na kutoka pale nyaya zilipanda kwenda geti la hifadhi, kwenye mahoteli ya ukingo wa kreta, na mbali zaidi hadi hospitali ya Wasso. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na aliyonifundisha ndiyo yanayonilisha. Lakini nisije nikaeleweka vibaya, kwamba namkumbuka kwa mapenzi matupu. Kinywa cha mtu huyu kiliwahi kushika uhai wa Mjomba wangu, mbele ya umati wenye fimbo, naye akajibu vile vile alivyokuwa akijibu siku zote.

Tuanze na mikono yake. Ilikuwa mikubwa, yenye vinyweleo, ya mtu aliyelima kahawa utotoni kwao Kilimanjaro, na ilikuwa na namna mbili za kugusa. Kebo aliigusa kwa upole ambao sijaona mtu akimgusa nao mtoto. Hakuruhusu ikunjwe kona kali. "Inaumia ndani, wewe huoni," alisema. Alizifunga kwa tepe laini za kunata, akipitisha kidole chini ya kila fundo kuhakikisha halijabana. Zile kamba nyembamba za plastiki, ambazo ukishazikaza haziachii tena, alizichukia kama watu wanavyochukia nyoka. Fundi mmoja mgeni kutoka Arusha alifunga nazo kebo za hoteli nzima, akazikaza barabara, akasimama pembeni akisubiri sifa. Msimamizi hakufoka. Aliokota moja iliyobaki sakafuni, akamwomba fundi alete kidole, akaizungusha kwenye kidole gumba chake na kuivuta mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaanza kumweleza taratibu jinsi kebo inavyobanwa na kupoteza nguvu. Kidole kilikuwa kikigeuka rangi ya zambarau, fundi akilia waziwazi, na somo halikukatizwa. Alipomaliza ndipo akachukua plaizi na kumkata ile kamba. Yule fundi alipanda gari la Arusha siku ile ile na hatukumwona tena.

Watu walimtafutia sababu. Walisema kuna siku alichomoa kebo isiyo yenyewe na mgonjwa akafa mahali fulani. Wengine walisema alipigwa sana na baba yake. Mimi nilimuuliza mkewe jikoni kwake, tukichambua mbaazi, akacheka. "Hakuna kitu mwanangu. Nyumbani hata kuku hachinji, nachinja mimi, yeye anatoka nje mpaka niite." Nilimuuliza kama amewahi kumpiga. Akashangaa kwa dhati. Kwa hiyo sababu sina, na nimeacha kuitafuta. Alipiga akiwa kazini, na kazini kwenyewe alipiga kwa jambo moja, kutojua kebo ni ya nani.

Kebo isiyo na lebo aliikata. Hakuuliza, hakusubiri. Kila mwisho wa juma alipita makabati yote na ile plaizi yake, na kebo yoyote isiyo na lebo kwenye ncha zote mbili ilichomolewa, ikakatwa vipande na kutupwa kwenye pipa la nyuma. Plaizi yenyewe ilikuwa imemeguka jino, kwa hiyo kila alipokata palibaki kijinundu kidogo cha plastiki upande mmoja wa mkato. Tuliujua mkato wake kama watu wanavyojua mwandiko. Ukikuta kipande barabarani chenye kijinundu, ulijua kimepita mikononi mwake.

Majina yetu hakuyatumia kabisa. Mtu aliyetaka kila waya uwe na jina mwanzo na mwisho, sisi alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa Endabash. Mwenzangu, kijana wa Kimaasai aliyesoma ufundi Arusha, alikuwa Kakesio. Huyu Kakesio ndiye pekee kati yetu niliyemwona akimrudishia. Alikuwa amebandika lebo upande mmoja tu wa kebo, na Msimamizi akamwambia mbele yetu sote, "Nyinyi ng'ombe wenu mnakata alama sikio moja, la pili mnaliachia majirani?"

Kakesio aliweka chini alichoshika. "Bosi, kebo sema. Ng'ombe za baba yangu usizitaje."

"Nimezitaja."

Ngumi ya kwanza ilimpata Msimamizi puani, ya pili ikamwangusha kwenye kabati la swichi, taa zote zikawa zinapepesa. Walipigana pale sakafuni, kimya, wakihemeana usoni, na ajabu ni kwamba wote wawili walijikunja kila mwili ulipokaribia kebo, wasizikanyage. Mwishowe Kakesio akawa juu. Msimamizi, damu inamwingia mdomoni, akatazama kando na kusema, "Ile lebo ya pili umeshaweka?" Kakesio akamwachia, akainuka, akaenda kuiweka. Nilidhani atafukuzwa. Badala yake Jumapili niliwaona kanisani wakiwa mstari mmoja wa kwaya, mmoja pua imevimba, mwingine vidole vimechubuka, wanashikilia kitabu kimoja. Msimamizi aliimba besi, tena alikuwa mwepesi wa machozi wimbo ukimkolea. Jumatatu akarudi na kipande chake mfukoni.

Yale maswali matatu yalikuwa na mpangilio, na mpangilio ulikuwa sheria. Kuna asubuhi Kakesio alivutiwa kebo akaanza, "Inakwenda Wasso, hospitali." Ilikuwa kweli. Alichapwa.

"Lakini nimepatia, bosi."

"Nimekuuliza ya nani. Mwenyewe kwanza. Ukiivuta vibaya anayeumia ni mwenyewe. Hayo mengine ni historia na jiografia."

Tulicheka, hata aliyechapwa alicheka. Baada ya miaka kadhaa ukimkurupusha yeyote kati yetu usingizini, angejibu kwa mpangilio ule. Mimi hata nikiona mbuzi barabarani moyoni nilijiuliza kwanza ni wa nani.

Huko kwenye mahoteli alikuwa tishio. Kwenye hoteli moja ya ukingoni alikuta wapishi wametandaza taulo za jikoni kwenye kebo zake, zikiwa zinachuruzika maji. Alizikusanya zote, akaenda jikoni, akazitumbukiza kwenye sufuria ya supu ya wageni iliyokuwa mezani. Mpishi mkuu akamrukia na mwiko. Walipoamuliwa Msimamizi alikuwa na jeraha juu ya nyusi na mpishi hana kitufe hata kimoja. Meneja aliipigia simu kampuni yetu kutaka afukuzwe. Kampuni ikamuuliza kama yuko tayari kufungiwa nyaya na mtu mwingine, naye akafikiria, akasema basi yaishe.

Sasa Mjomba. Alikuwa ndugu wa mama yangu, fundi wa rejeta za magari katika mtaa ule ule wa magereji, chini kabisa ya dirisha letu. Mtu mpole, mwenye utani mwingi, anayefunga kila kitu kwa waya. Bampa alifunga kwa waya, mlango wa banda kwa waya, hata suruali kuna siku niliiona ina waya. Siku moja Msimamizi akitupa vipande vyake kwenye pipa la nyuma, Mjomba alimwamkia na kuuliza kama anaweza kuvichukua. "Chukua," alisema Msimamizi. "Hizo hazina mwenyewe tena." Tangu hapo Mjomba alipita pipani kila mwisho wa juma. Wakati mwingine walisimama pale wawili, Mjomba akipiga soga na Msimamizi akiguna. Nadhani alimpenda. Mjomba ni mtu ambaye hata mwenye kinyongo alimpenda.

Halafu wezi wakaingia. Walifukua kebo upande wa barabara ya kupanda getini, wakakata, wakabeba, na baada ya siku chache wakarudia. Mtandao ukawa unakatika. Siku za mnada ndizo zilizouma zaidi, kwa sababu mtu ameuza ng'ombe na pesa haiingii kwenye simu, mnunuzi anaapa ametuma, muuzaji anaapa hajaona, na fimbo zipo mkononi. Wachungaji waliotoka mbali walilala njaa Karatu wakisubiri ujumbe wa simu. Hasira ya watu ilikuwa haina pa kwenda.

Siku ya mnada, jua likiwa utosini, Mjomba alikuwa amekwenda kumsaidia jirani kupakia mbuzi kwenye pikapu. Mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa haufungi, akatoa kipande cha kebo mfukoni akaufunga. Mtu mmoja akaitambua rangi ya kebo ile. Akasema, "Hii si kebo ya mtandao?" Hakusema kwa sauti kubwa. Haikuhitaji sauti kubwa.

Watu walipokuja kutuita tulishuka mbio, Msimamizi mbele, mimi na Kakesio nyuma. Mjomba alikuwa amepigishwa magoti mavumbini, sikio linavuja damu, na kijana mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe amemkamata ukosi. Wengine walikuwa wameshika fimbo, mawe, na mmoja alikuwa na dumu la petroli. Lakini walikuwa wanasubiri. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba walikuwa wanasubiri. Mjomba alikuwa amewaambia, "Waulizeni wenyewe, nimepewa," na watu wakakubali kuuliza.

Kijana akampa Msimamizi kile kipande. "Mzee, shikamoo. Tunakuuliza wewe, maana wewe ndiye mwenye kujua. Hii kebo ya nani?"

Nilimtazama. Nilikuwa mbele yake kabisa, hatua chache, nikamtazama kwa macho yangu yote. Neno moja tu, si yetu, na Mjomba angeinuka, akajifuta vumbi, akarudi gereji. Nani angebisha? Nani pale mnadani alijua kebo kuliko yeye?

Aliigeuza, akatazama ncha. Kile kijinundu kilikuwepo. Akakivuta kipande kidogo kwa mikono miwili, kama anavyovuta za kabatini.

"Yetu," alisema.

Akavuta pumzi aseme la pili. Nilimwona akifungua mdomo aseme inatoka wapi, kwamba ameikata yeye, ameitupa yeye, amempa yeye. Wenye fimbo hawakuwa wanafunzi wake. Walikuwa wameuliza swali moja na wamejibiwa.

Fimbo ya kwanza ilimpata Mjomba shingoni. Baada ya hapo sikuona tena fimbo moja moja. Nilisikia sauti yake mara moja tu, akiita jina la mama yangu. Msimamizi alijitupa katikati akinguruma, "Inatoka kwangu, inatoka kwangu," akawavuta watu kwa nywele, akawauma, akampiga kijana yule kichwa mpaka akaanguka. Kisha akalala juu ya Mjomba na kumfunika kichwa kwa mikono yake, na fimbo zikashuka juu ya ile mikono. Mimi nilimparamia mtu mgongoni, nikatupwa nikagonga gurudumu la pikapu. Kakesio aliwapigia kelele kwa Kimaa wazee wa kwao waliokuwa upande wa ng'ombe, nao wakaja kwa kundi, wakaanza kuwatawanya watu kwa fimbo zao wenyewe. Polisi walipofika na kupiga risasi hewani, uwanja ulikuwa umebaki na viatu.

Mjomba alifia mapokezi ya hospitali, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Ule uso sitauandika.

Vidole vya Msimamizi vilivunjika vyote vya kulia na vingi vya kushoto. Alikuja mazikoni mikono imefungwa bandeji, akasimama kando ya uzio wa minyaa, hakusogea. Mke wa Mjomba alimwendea, akamtemea mate kifuani, akarudi kukaa. Yeye hakujifuta. Yakaachwa yakaukie pale, na watu wakaendelea kuimba.

Hakurudi kazini. Mikono haikurudi kuwa mikono. Waliomfahamu walinieleza mambo mengi ya kumtetea, kwamba alijaribu, kwamba angekufa naye. Najua, nilikuwepo. Nilijua pia jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba aliniona nikimtazama. Nilikaa na jambo hilo miaka, nikapewa kiti chake, nikashika plaizi nyingine yenye meno yote. Sichapi mtu. Lakini kila asubuhi nilivuta kebo na kuuliza yale yale.

Mwaka jana mkewe alinipigia kwamba mzee hali chakula vizuri na ananitaja. Nilikwenda. Na nilikwenda kumchapa, sioni haya kuliandika. Asubuhi hiyo nilichukua kebo mpya, ya bluu, nikaibandika lebo ncha zote mbili kwa mkono wangu, nikaitia kwenye mkoba. Bodaboda ilinishusha juu ya shamba lake, kwenye mteremko unaotazama msitu wa kreta. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, amekonda, blanketi magotini, mikono imelala juu ya blanketi, vidole vimenyooka havikunji.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Endabash. Wasso inapatikana siku hizi?"

"Inapatikana."

"Mnabana na plastiki?"

"Hatubani."

Mkewe alileta chai, akatuacha. Upepo ulikuwa unapita kwenye mahindi, na mimi nilikibana kikombe kwa hasira mpaka kikaniunguza.

"Siku ile nilikuwa nakutazama," nilisema.

"Nilikuona."

"Nilikuwa nakuomba useme si yetu."

"Nilielewa. Ilikuwa yetu, Endabash."

Niliinuka. Nikaitoa kebo mkobani, nikaikunja mara mbili, kona kali, ile aliyoichukia. Alitazama nilivyoikunja na uso wake ukasinyaa kwa maumivu, na nikafurahi. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda. Sijui kwa nini haukushuka. Labda ni mazoea tu. Niliikunjua, nikaishika katikati, nikaivuta kidogo mbele ya macho yake.

"Ya nani?" nilimuuliza.

Aliitazama. Macho yake bado yalikuwa mazima, na lebo zilikuwa zinasomeka. Aliona rangi, aliona upya wake, aliona hakuna mkato wowote mahali popote. Kwanza alinyanyua mkono wa kushoto kutoka kwenye blanketi, akaugeuza kiganja juu, akauweka mbele yangu. Ndipo akajibu.

"Nimeikata mimi," alisema. "Kwa plaizi yangu. Nikaitupa pipani kwa mkono wangu. Huyu bwana aliniomba, nikampa, hajaiba kitu. Ilikuwa yetu."

Alisema haraka, bila kukwama, kama mtu aliyeyarudia kila siku. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameweka kanga mdomoni, na nikajua kwamba kweli aliyarudia kila siku.

Aliyosema hayakuwa ya kebo ile; alikuwa akijibu lile swali la mnadani, na mwenyewe amemweka mwisho. Kwa sheria yake mwenyewe alistahili kuchapwa, naye alijua, ndiyo maana kiganja kilitangulia. Sijamsamehe. Mke wa Mjomba bado anapika sufuria ndogo, na banda la rejeta lina mtu mwingine. Nilisimama pale nikilia, mkono bado umeshika, naye akisubiri bila kuondoa kiganja.

Nikaiachia. Kebo ilianguka kwenye kiganja chake, na vile vidole visivyokunja vikashindwa kuishika.